Mkoba Kwenye Siti ya Mbele

Jumanne. Jua la Madale limeanza kuchoma kabla sijamaliza kufagia uwanja, na hasira zangu zilikuwa zimelitangulia. Naandika nikiwa barazani, miguu kwenye beseni la maji ya baridi, na kila nikimkumbuka yule kijana nasonya peke yangu.

Nianze na gari.

Mwezi uliopita uliingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa wakala aliyetuuzia gari letu. "Mpendwa mteja, gari lako limeingia kwenye kampeni ya usalama." Kampeni! Nikadhani kuna mtu anagombea udiwani. Niliposoma hadi chini ndipo nikaelewa. Kiwandani wamegundua kwamba ule mfuko wa hewa uliofichwa kwenye dashibodi, upande wa abiria, ni mbovu. Gari likigonga, badala ya kumkinga mtu, unaweza kupasuka na kumrushia vipande vya chuma usoni. Kwa hiyo magari yote ya toleo hilo yarudishwe kwa wakala, yabadilishiwe kifaa bure. Mpaka hapo, abiria asikae siti ya mbele. Upande wa dereva hauna shida.

Bure. Neno hilo peke yake lilitosha kunitia shaka.

Nilikwenda kesho yake, nikaambiwa spea haijafika. Wiki iliyofuata nikaambiwa iko bandarini. Nikapiga simu, iko njiani. Sijui ni njia ipi hiyo inayotoka bandarini hadi kwao, maana hata mtoto anayetambaa angekuwa ameshafika na kupumzika. Nimepigwa danadana na watu wengi katika maisha yangu, lakini hawa wanakupiga danadana huku wamekuwekea kiyoyozi na kochi la ngozi.

Jengo lao ni vioo vitupu. Ukutani pale mapokezi wameandika kwa herufi kubwa, "Usalama Wako, Fahari Yetu." Chini ya maandishi hayo kuna mashine ya kahawa yenye karatasi iliyobandikwa, "Mbovu." Ilikuwa mbovu siku ya kwanza niliyokwenda na leo bado ni mbovu. Watu walioshindwa kutengeneza mashine ya kahawa ndio niliowakabidhi roho za familia yangu.

Anayetuhudumia anaitwa Kelvin. Beji yake inasema ni Mshauri wa Huduma. Ushauri sijaupata, huduma ndiyo kabisa. Ana suti ya bluu inayombana mabega, viatu vilivyochongoka, na tabasamu moja tu analolitumia kwa habari zote, nzuri na mbaya.

Ningemvumilia hata hivyo, kama si mama mkwe wangu.

Mama alikuja kutoka Masasi baada ya Pasaka kutibiwa goti. Mwanawe, yaani mume wangu Baba Neema, yuko kikazi Dodoma, kwa hiyo dereva wa mama ni mimi. Jumanne mazoezi ya goti, Jumapili kanisani. Na kwenye gari letu nafasi ya mama ni mbele. Hilo halijawahi kujadiliwa na mtu. Hata Baba Neema anapokuwa nyumbani, mimi nahamia nyuma na Neema, mama anakaa mbele na mwanawe, anashusha kioo, anasalimiana na watu njia nzima.

Sasa mwambie mtu wa namna hiyo akae nyuma.

Nilimweleza kwa upole wote niliojaliwa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Mfuko wa kuokoa watu ndio huohuo unaoua watu?" Nikamsomea ujumbe. "Simu ni yako, Mama Neema," akasema, akapanda nyuma, akijivuta na goti lake lile.

Tulipofika kanisani, wanawake wa jumuiya walikuwa wamesimama getini. Wote waliona mama akiteremka mlango wa nyuma. Wote waliona na kilichokuwa kimekaa siti ya mbele. Mkoba wangu.

Mchana huohuo Baba Neema akanipigia simu. Akasitasita kwanza, halafu akalitoa. "Mama anasema ulikuwa unampeleka mkoba wako kanisani, yeye umempa lifti tu."

Nilicheka. Halafu nikaingia jikoni nikalia.

Nikaona dawa ni moja: nimpeleke mama kwa Kelvin, amsikie mwenyewe kwa masikio yake. Nikampeleka. Kelvin akamwamkia kwa shikamoo nzuri, akamvutia kiti, akainama. Mama akamuuliza kama ni kweli kwamba mbele hapafai. Na yule kijana, kwa kuwa kulikuwa na wateja wengine wanasikiliza, akafungua lile tabasamu.

"Aah, hapana mama, gari iko salama kabisa. Ni tahadhari tu ya kule Japani. Usiwe na hofu."

Mama alinigeukia, akanitazama, basi. Nimetazamwa vibaya na walimu, na maofisa, na dada zake Baba Neema siku ya harusi yangu, lakini jicho lile lilinichoma. Tangu siku hiyo amekuwa ananiitikia kwa adabu kama mgeni. Anakunja shuka lake mwenyewe. Anaomba maji kwa "samahani." Juzi akamwambia mwanawe kwamba Jumamosi anarudi Masasi, goti litamalizikia hukohuko. Goti lenyewe lilikuwa limeanza kukunjika vizuri.

Nilijua maana yake. Mama angefika kwao akichechemea, ukoo mzima ungejua kwamba mkamwana wake wa Dar alimkalisha nyuma mpaka akaondoka. Na nani angenitetea? Mimi mwenyewe ningejiona mbaya. Nimempenda yule mama tangu aliponifundisha kupika kisamvu bila kunicheka.

Basi jana Kelvin kapiga simu. Spea imefika, mlete gari asubuhi.

Leo tumekwenda wote wawili, kwa sababu mazoezi ya goti ni mchana. Tumekaa kwenye kochi la ngozi asubuhi nzima, mama ameshika mkoba wake mapajani, mimi nimeikodolea macho mashine ya kahawa. Karibu na adhuhuri Kelvin akaja, meno yote nje. "Tayari mama zangu. Kampeni imekamilika. Naomba saini tu hapa."

Nikasema nitasaini nikishaliona gari. Nikaliona. Limeoshwa, linanukia. Juu ya dashibodi, pale panapojificha ule mfuko, Neema alibandika zamani ua la karatasi, na ua lilikuwa palepale, halijapinda hata jani moja. Nikamuuliza mbona halijaguswa. Akasema wanafungulia kwa chini. Inawezekana. Mimi si fundi, nilijua hilo na yeye alijua kwamba nalijua.

Nikamwambia nasikia mlio gari likitembea, tuzunguke naye kidogo ausikie. Mlio haukuwepo. Nilitaka tu kumtoa kwenye kiyoyozi ajue jua la wenzake.

Akakubali. Akafika garini kabla yetu, akafungua mlango wa mbele kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Karibu mama. Kiti chako kimeshapona."

Uso wa mama ukang'aa. Nilimwona. Wiki zote hizi alikuwa anausubiri mlango ule. Akanyanyua mguu wenye goti bovu, akaushika mlango, halafu akakumbuka adabu zake za Masasi. Mgeni amekuja kusikiliza mlio, atapelekwaje nyuma?

"Kaa wewe, baba," akasema. "Wewe ndiye msikilizaji."

Kelvin alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, mguu mmoja uko ndani.

"Hapana mama, mie nitasikia hukuhuku."

"Mlio uko mbele, masikio uyapeleke nyuma?"

"Mama, heshima yako. Siwezi kukaa mbele wewe uko nyuma."

"Nimekuruhusu mwenyewe. Kaa."

Akacheka. Mama hakucheka. Akamwambia tena, sasa kwa sauti ya bibi anayembembeleza mtoto kula, "Kaa mbele, mjukuu wangu. Mara moja tu, tuzunguke turudi." Kelvin akaitazama ile siti. Kijasho kikamtoka juu ya mdomo. Akasema amezoea nyuma. Akasema mbele panambana miguu. Akasema suti.

Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo, bado sijaelewa. Mama alielewa kabla yangu. Aliurudisha mlango wa mbele taratibu, bila kuubamiza, akazunguka, akafungua wa nyuma.

"Sogea."

Tukatoka getini hivyo. Mimi kwenye usukani, mama na Mshauri wa Huduma wamebanana nyuma, na mbele umekaa mkoba wangu.

Tulipokamata barabara kubwa mama akamuuliza, "Mama yako yupo hai?"

"Yupo. Yuko Kibamba."

"Anapanda gari?"

"Anapanda, mama."

"Akipanda hili la kwetu, sasa hivi, utamkalisha wapi?"

Niliona kwenye kioo akifungua kifungo cha shati. Tulipita kituo kizima cha mafuta na maduka ya vigae yote, ndipo akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, "Spea bado haijafika, mama. Wakubwa wanataka magari yote ya kampeni yaonekane yameisha kabla ya mwezi kuisha. Ikija kweli tungewaita kimyakimya."

Yaonekane.

Nimelirudia neno hilo jioni nzima. Sikasiriki kwamba spea haijafika, nchi hii tumezoea kusubiri. Sikasiriki hata kwa uongo wenyewe, kwani uongo wa wauza magari si habari. Kinachonikasirisha hadi sasa ni kwamba yeye alijua. Alijua hata akakataa kukaa pale kwa safari ya dakika chache. Na bado alimfungulia mama yangu mlango wa mbele, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Sijawahi kumdharau mtu kiasi hiki. Namdharau na beji yake. Namdharau na hao wakubwa wake wanaomtuma, ambao naamini magari yao yana madereva na wao wanakaa nyuma siku zote, kwa hiyo jambo hili haliwakoseshi usingizi.

"Mshushe hapa," mama akasema.

Nikasimamisha pembeni. Hapakuwa na mti wala kibanda.

"Mama, ofisini ni mbali," Kelvin akasema.

"Tembea, baba. Miguu yako haina mfuko."

Akashuka. Akasema asante, masikini, kwa mazoea tu. Nilimwona kwenye kioo amesimama kwenye vumbi na viatu vyake vilivyochongoka, anatafuta bodaboda. Nakiri nilifurahi sana.

Nilitaka kugeuza papo hapo nirudi kwenye lile jengo la vioo nikamwage radhi. Mama akakataa. Akasema kwanza goti, miadi ni miadi. Tukaendelea. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, kwamba unaona, kwamba nilikwambia, na yote nikayameza, nikaendesha.

Kabla ya kufika kliniki nikaona mkono wake unapita katikati ya siti, umeshika mkoba wake mweusi wa kanisani.

"Weka huko mbele," akasema. "Ukae na mwenzake."

Nikaupokea, nikauweka kando ya wangu. Hiyo ndiyo samahani niliyopewa, na imenitosha. Machozi yalinitoka mpaka kwenye taa za barabarani, askari wa barabarani akanitazama akadhani nimefiwa.

Jioni Baba Neema amepiga simu kuuliza habari za tiketi ya Jumamosi. Mama akamjibu kwa mshangao, "Tiketi ya nani? Nani kakwambia naondoka?" Kisha akanipa simu akaenda kuangalia maharage.

Kuna swali moja linanikera na siwezi kulitoa kichwani. Wametuma ujumbe ule kwa watu wangapi? Ni akina mama wangapi leo hii wamefunguliwa mlango wa mbele na yule kijana, wakaketi, wakafunga mkanda, wakashukuru?

Kesho tunarudi. Si mimi niliyepanga, ni yeye. Kitenge chake kimeshapigwa pasi, kinaning'inia mlangoni. Anasema atakaa kwenye lile kochi la ngozi, na kila mteja atakayeingia kuchukua gari atamweleza kilichotokea, mpaka meneja mwenyewe atoke nje aje akae siti ya mbele, tuzunguke naye mjini. Nimemuuliza, je, wakitukalisha siku nzima? Wakituambia tuje keshokutwa?

"Tutakuja," akasema. "Masasi ipo tu, haikimbii."