Chujio la Mashine ya Rukia

Changamwe, Jumapili. Kaskazi imevuma kutwa na vumbi lake. Moyoni mwangu hamvumi kitu.

Leo ilikuwa arubaini ya mke wangu, Rukia. Hitima ilikuwa baada ya alasiri, na watu wangekaa juu ya zulia lake. Basi asubuhi nikaitoa ile mashine ya umeme ya kufyonza vumbi, tuliyoinunua kwa Mzungu aliyefunga virago kabla ya uhuru. Ikanguruma kama mimi kazini: kelele tele, kazi hakuna. Haikufyonza hata punje ya mchele.

Nikaifungua. Chujio, kile kitambaa cha kuzuia vumbi lisiingie kwenye mota, lilikuwa limeziba kabisa. Rukia alilikung'uta kila Ijumaa, akaliosha kwa maji baridi, akalianika kivulini. Nami nikimcheka kwamba analiogesha kama mwana. Alipougua, mimi ndiye niliyepitisha mashine chumbani mwake, na chujio sikuligusa.

Nikaenda nalo uani, nikalipiga ukutani kwa nguvu zangu zote. Likadondoka donge la vumbi, na ndani yake nywele ndefu, nyekundu za hina.

Shemeji Mwanaisha, dadake marehemu, alikuwa papo hapo akichagua mchele wa pilau.

"We mwanamume! Hizo ni nyele za dada yangu. Wataka zipeperuke mpaka Port Reitz?"

"Sikujua, shemeji."

"Lini ulijua kitu? Ziokote, ukazifukie!"

Kweli, kwetu nywele za mwanamke hazitupwi jaani. Nikapiga magoti na kitambi changu hiki, nikaziokota mmoja mmoja. Nikadhani sasa machozi yatakuja.

Hayakuja. Yaliuma magoti tu.

Nikaliosha chujio, nikalianika. Zulia nikalipiga ufagio. Watu wakaja, wakasoma, wakala, wakaniombea subira. Mwanaisha akiaga akaninong'oneza:

"Umezifukia?"

"Nimezifukia, shemeji."

Nimedanganya.

Nimezifunga katika kitambaa cha mkono, zimo mfukoni mwa kanzu. Nimesoma Yasini nzima nikiwa nazo. Sijui kama ni dhambi. Sikumwuliza mtu, nikichelea kujibiwa.

Kesho baada ya swala ya alfajiri nitachimba, inshallah. Isipokuwa kesho, kesho kutwa.