Jina la Babu Kwenye Ramani ya Mjerumani

Mume wangu Salumu,

Huku Nachingwea tu wazima, mikorosho imechanua. Umeuliza, "Bibi, umeniacha ukaolewe na mwalimu mstaafu wa Ruangwa?" Usinune, mjukuu wangu, nikueleze.

Unajua watu walivyozoea kutuita wakuja, ati hatuna asili hapa. Iliniuma. Mwalimu akaniletea ramani ya enzi za Mjerumani. Nikatafuta kijiji chetu, hakimo. Nikaikunja, machozi yakinilenga.

"Mama we, una haraka!" akacheka. "Zamani kijiji kiliandikwa kwa jina la jumbe wake. Babu yako si ndiye alikuwa jumbe? Aliitwaje?"

"Nakandonga."

Akaikunjua, akaweka kidole kando ya mto. Nakandonga! Tulikuwepo!

Nashukuru, Salumu, hadi leo nashukuru. Mwanamume aliyenionyesha kwetu, posa yake ningeikataaje?

Bibi yako, tena bibi harusi