Bomba Lililobebeshwa Mdogo Wake

Jumatatu, 3 Juni. Makambako
Nguzo za kupimia tena. Baridi ya kukata masikio. Nachomeka ncha ardhini, nasoma mita, nahamia nguzo nyingine. Bomba hili la mafuta limenizidi umri, na kanuni mpya haijali uzee: lazima lipate umeme wa kinga sawasawa na bomba jipya, la sivyo kutu italila na mafuta yamwagike mashambani. Wenzangu wananung'unika. Mimi naipenda kanuni hii. Bomba litapita ukaguzi.

Jumatano, 5 Juni
Bondeni, chini ya kijiji chetu, kipimo kimeanguka vibaya. Kuna kitu kinanyonya umeme. Nitakikamata. Chuma hakijawahi kunishinda.

Alhamisi, 6 Juni
Tumechimba. Mwizi ni bomba la maji la kijiji. La chuma, limelazwa juu ya letu na kufungwa kwa waya. Limefungwa vizuri, lazima nikiri. Waya umechubua lami na kutu imeshaanza pale. Kanuni inataka yatenganishwe. Bosi anataka la maji likatwe kesho. Kijiji kizima kinakunywa humo. Mwenyekiti wa kamati ya maji ni mama yangu.

Ijumaa, 7 Juni
Kwa mama. Salamu yetu ya kamwene, viazi, habari za wajukuu. Angenizungusha hadi jioni, nikasema moja kwa moja. Akaeleza: kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, walikuta bomba kubwa, wakafurahi. Bonde ni tope, lao lingezama.

"Tulimbebesha mdogo wake. Kwani mkubwa hukataa kubeba?"

Nilicheka, halafu nikakasirika. Yeye alikasirika zaidi. Nikikata maji nisikanyage kwake. Imeniuma sana. Lakini bomba lao halibaki pale.

Jumamosi, 8 Juni. Njombe
Nimembana bosi. Kanuni inasema yatenganishwe, haisemi watu wafe kiu. Kampuni itoe bomba la plastiki la kuvukia bonde, maana plastiki hainyonyi umeme, kijiji kichimbe. Amekubali shingo upande, mwisho Jumatatu. Nimefuata roli la bomba hilo mwenyewe, nikalipakia mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni
Nimetangaza kanisani: kesho asubuhi tuchimbe bondeni. Mama alitazama madhabahu tu.

Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi tulikuwa mimi na fundi mwenzangu, tope hadi magotini. Nilianza kuogopa, sifichi. Kisha mama akashuka na jembe, kijiji kizima nyuma yake. Hakunisalimu. Aliita majina kama kawaida ya msaragambo, na la kwanza lilikuwa langu. Nikaitika.

Walitaka kuegemeza plastiki palepale pa zamani. Mama akakataa. Akaagiza mawe ya kulishikilia lisizame topeni, mtaro upite chini ya bomba kubwa, nafasi ibaki katikati.

"Mtoto amekua. Atembee mwenyewe."

Ndipo tukakata chuma. Palipochubuka nimepaka lami kwa mkono wangu.

Jumatano, 12 Juni
Kipimo cha bondeni kimepanda, kimekaa. Nimeandika: bomba limepita.

Jioni kwa mama. Alifungua bomba la uani, akajaza kikombe, akanipa kabla ya salamu. Nimekunywa chote. Maji ya baridi, yanauma meno.