Mpira Nilioufuta Tope

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeuona uwanja wa gofu kwa macho yangu. Miezi minane kitindamimba wangu ananiambia njoo Mama, nami namjibu shuka za gesti hazijitandiki zenyewe. Leo nimekwenda.

Nilidhani nitakuta marumaru. Ofisi ni kontena lililokatwa dirisha. Viti vya plastiki vinne, kimoja mguu umefungwa waya. Mashimo tisa tu — ukitaka kumi na nane unazunguka mara mbili. Na pale penye shimo hapana nyasi, ni mchanga uliotiwa oili chafu usipeperuke. Kila anayemaliza anaburuta gunia kuusawazisha kwa ajili ya mwenzake. Nikajisemea, hapa ni kwangu. Kutandika najua.

Kisha mwanangu akapiga. Mpira ukapaa mpaka ukanipotea, nikabaki nimeinua shingo kama kuku anayekunywa maji. Mikono ileile iliyokuwa inaogopa mende! Sijui hata niandikeje. Nilinyamaza, mimi, na wanaonijua wanajua hilo ni jambo kubwa.

Jumapili, 8 Juni

Dada yangu mkubwa kaja kunywa chai. Nimempa habari kabla hajakaa. Anasema mchezo gani huo wa kukitupa kitu mbali halafu ukifuate mwenyewe, si ungekaa nacho tu? Nimemwambia asiyejua maana haambiwi maana. Kacheka mpaka chai imemwagika. Nikamsimulia tena, mara ya pili kwa mikono.

Jumatano, 11 Juni

Sasa mimi ndiye kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo wa mwanangu. Bega linauma, kichwa kiko juu.

Kuna jambo limenishinda. Mpira uliingia kichakani, akainama peke yake kuutafuta. Akatoka, akaniambia niandike pigo moja zaidi la adhabu, ameutikisa kwa bahati mbaya; na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Nikamwuliza, "Nani kakuona?"

"Mimi."

Basi. Akaendelea kutembea. Nimetandika vitanda miaka ishirini na miwili, nimeona watu wazito wakiondoka na taulo za gesti ndani ya mabegi ya ngozi. Huyu moyo huu kautoa wapi? Kwangu, bila shaka. Lakini nilimtazama mgongo wake nikamwogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa kitu kinachong'aa mno.

Jumamosi, 14 Juni

AMESHINDA. Mwanangu kashinda mashindano ya uwanja mzima! Mapigo themanini na manne. Anayemfuata, themanini na matano — mfamasia, mama wa makamo, bingwa wa miaka minne. Mshindi anapelekwa kwa kocha wa uwanja mkubwa, anafundishwa mwaka mzima. Nafasi ni moja tu, ya kwetu!

Niandike lile pigo la shimo la kumi na nne nisije nikalisahau. Mvua ilikuwa imepita. Mfamasia alipoteza mpira wake majanini na mwanangu akaenda kumsaidia kuutafuta. Ndivyo alivyo. Mimi nikatangulia na mfuko, nikaukuta mpira wetu umelala topeni, mchafu kama mtoto aliyetoka kucheza. Nikauokota, nikaufuta kwa aproni, nikaurudisha palepale. Akaja, akapiga. Ulitua mchangani ukabingirika taratibu, taratibu, ukasimama futi moja na shimo. Mfamasia mwenyewe akanigeukia: "Mama, wewe umezaa."

Nimezaa.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kumshukuru Bwana Mchanga, yule anayetunza uwanja. Nikamsimulia lile pigo, na aproni yangu nikaitia, maana na mimi nilikuwa na sehemu yangu. Akaacha kuburuta gunia.

"Uliufuta yeye hajafika?"

"Ndiyo. Kama unavyomfuta mtoto pua."

Akatazama huku na huku. Akasema polepole, shemeji, kedi akiokota mpira bila kuambiwa, mchezaji anaongezewa pigo moja. Ndiyo sheria. Halafu akashika kamba ya gunia akasema yeye hajasikia kitu, alikuwa kazini. Jina linapelekwa kesho saa nne.

Themanini na manne ongeza moja. Hata mimi niliyeishia darasa la sita naijua hiyo. Sawa na mfamasia. Itabidi warudiane, na mfamasia kamfunga mara nne.

Dada yangu kapita jioni, anataka nimsimulie tena lile pigo. Nimemwambia kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 16 Juni

Saa mbili asubuhi. Nimeomba ruhusa gesti. Mwanangu anapiga pasi shati jeupe la kwendea kusaini nafasi yake, anapiga mluzi.

Nilitaka nisiandike. Nikitazama majani yale, mvua ile — hapakuwa na mtu. Mfamasia kainama huku, mwanangu kainama kule. Bwana Mchanga alikuwa kazini. Nani kaniona?

Ananiuliza naandika nini asubuhi yote hii. Nimemwambia hesabu ya shuka. Kacheka. Anasema, "Mama, lile pigo hata mimi linanishangaza. Mvua yote ile, nikaukuta mpira msafi kama umetoka dukani. Nikasema leo Mungu yuko na mimi."

Mungu! Na aproni bado ipo kambani, doa halijatoka.

Nimemwambia aweke pasi chini, akae. Kauliza kuna nini. Nimesema kaa, mwanangu. Kachomoa waya, kavuta kigoda, kakaa mbele yangu na mikono magotini. Shati limebaki mkono mmoja haujanyooshwa. Ananitazama, anangoja nimalize mstari huu