Boriti ya Musase Juu ya Vitanda vya Watoto

Hewa Bora, Lubumbashi

Mdogo wangu Honorine,

Goti lako linakufikisha kanisani siku hizi? Mimi Mungu ananitunza, ila baridi ya huku imenirudishia kikohozi cha asubuhi. Tangu vita vitutoe Lukafu, ninyi mkarudi mimi nikabaki huku, sijazoea kuamka bila kusikia majogoo yenu.

Umeniuliza kuhusu boriti za paa la nyumba mnayoijenga upya. Fundi wenu anataka mkaratusi, wewe unalo gogo la musase lililoanguka uwanjani kwa marehemu baba, na majirani wanakucheka kwamba huo ni mti wa kuni. Chini yake watalala wajukuu, kwa hiyo sikutaka kubahatisha.

Kipande kikavu ulichonitumia nilikipeleka Makomeno kwa seremala Ilunga, mwenzangu wa kwaya. Alipokipiga randa alipiga chafya mpaka machozi.

"Papa Augustin, hii muti iko na pilipili!"

"Vumilia. Leta na mkaratusi wa unene uleule."

Tuliweka mkaratusi juu ya mawe mawili, tukaupakia mifuko ya saruji katikati. Ulibeba mzigo mkubwa bila kupinda, kisha ukakatika ghafla, kimya kabisa. Ilunga aliruka nyuma kama mbuzi. Musase ulibeba kidogo zaidi ya nusu ya mzigo ule. Lakini ulipinda polepole, ukalia, ukalia tena, nasi tukapata muda wa kuondoa mifuko.

"Yako inalalamika kama mama mukwe," Ilunga akasema.

Nilimkumbuka baba. Unakumbuka alivyotueleza nguzo za mgodini? Wachimbaji walipenda zile zinazolia, kwa sababu kilio ndicho kilichowatoa nje wakiwa hai.

Vipande viwili havithibitishi miti yote, nalijua hilo. Hata hivyo, mimi ningeweka musase. Kwa kuwa nguvu zake ni ndogo, boriti ziwe nene, zilazwe kwa ubavu mwembamba, na zikaribiane. Muondoe gome pamoja na sehemu yote nyeupe, maana wadudu huanzia hapo. Gogo bado ni bichi ndani: lipasueni sasa, mbao zipangwe kivulini juu ya vijiti mpaka mvua zikaribie. Zikipigiliwa mbichi zitajikunja na bati litafunguka. Najua watoto wamechoka kulala kwa watu, na fundi atanung'unika. Mwambie ni mimi niliyekataa, anitukane mimi.

Siku boriti itakapolia, hata kama mimi sipo tena, mtu asiseme ni mti unajinyoosha tu. Toeni watoto kwanza.

Nisalimie shemeji anayelinda mihogo, mjane wa kaka yetu, na katekista aliyenibatizia wanangu. Na Honorine, nikijaliwa kurudi, usinitengee chumba cha wageni. Kitanda changu kiwekwe pamoja na vya watoto, chini ya musase ule. Masikio yangu bado ni mazima.

Yaya yako, kaka yako mkubwa,
Augustin