Mshono Ndani ya Madigadi

Karatu, 9 Agosti

Kaka Wilibrodi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Loliondo, wewe, shemeji Nalangu na watoto, na mifugo yenu haijadhoofika kwa kiangazi. Sisi hatujambo, ila macho ya Baba yamekwisha. Anatambua jua na kivuli, basi. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na saba. Tafadhali usiichane kabla hujaimaliza.

Lile gari dogo lenye bodi ya faiba, aliloachiwa Baba na mzungu wa shamba la kahawa kule Oldeani, bado lipo. Lilikuwa limelala nyuma ya zizi, kuku wanatagia kwenye viti. Mwezi uliopita Baba aliniita akasema, kwa kuwa kazi yangu hapa mjini ni kuziba na kupaka rangi magari ya watalii, nilitengeneze lirudi kuwa la buluu kama zamani. Jumamosi hii angewaita baba wadogo na wajomba anikabidhi mbele yao. Akaongeza kwamba ni haki yangu, maana mimi ndiye mwanawe ambaye hakumdanganya. Nilicheka, kaka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi.

Nilianza na paa. Nikapiga msasa, nikaziba nyufa kwa gundi na kitambaa cha nyuzi za kioo, nikajaza puti, nikapiga msasa tena. Unamjua Baba. Rangi haioni, lakini kila jioni anakuja na fimbo yake na kupitisha kiganja kwenye bodi nzima, nje na ndani. Akikuta kipele hata cha punje ya ulezi, ananiambia rudia. Madigadi ya mbele kushoto niliiacha iwe ya mwisho. Kila alipoikaribia nilimwita anywe chai.

Ndiyo hiyo iliyokuondoa nyumbani. Baba aliikuta imepasuka na kuzibwa ovyo, funguo ulikuwa nazo wewe, ukakana, akakuita mwongo mbele ya Mama. Ulipokuja kumzika Mama ulisimama kule kwenye ua wa minyaa, hukuingia ndani. Nilikuona. Sikukufuata.

Kaka, aliyeliendesha ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilitoa funguo kwenye koti lako mkiwa misa ya kwanza, nikaligonga kwenye nguzo ya lango la shamba. Gundi niliiba kwa fundi. Kitambaa sikuwa nacho, hivyo nilichana kanzu yangu ya utumishi wa altareni, nikaibandika kwa ndani, nikaipaka lami. Mama aliisaka kanzu ile mwezi mzima. Nilimwambia imeibwa sakristia.

Juzi nilibandua lami. Kanzu ilikuwa pale pale, pamoja na jina langu alilolishona Mama kwa uzi mwekundu, limekauka ndani ya gundi, herufi zimeinuka. Sikufichi, nilichanganya gundi mpya nifunike, na brashi ilikuwa mkononi. Mara nikasikia fimbo ya Baba. Gundi ikishatiwa hadina, ile dawa ya kuigandisha, haimsubiri mtu, nayo iliganda kwenye kopo nikiwa bado nimesimama. Nikaushika mkono wa Baba, nikauingiza ndani ya madigadi.

Alisoma kwa vidole, herufi kwa herufi. Akarudia. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama una watoto. Nikamwambia wanne. Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi la msasa.

Mkutano wa Jumamosi ameuvunja. Gari limeshakuwa la buluu, ila pale ndani amekataza pasiguswe mpaka uje uweke mkono wako. Wala sikuombi unisamehe, naogopa kuomba. Njoo kwa ajili yake, maana hana miaka mingine kumi na saba. Basi la Loliondo linapita hapa alasiri, na kila siku nitakuwa stendi.

Wasalimie shemeji na watoto, waambie babu yao anawauliza majina.

Ni mimi mdogo wako,
Emilian

Jina hili naliandika mwenyewe. Tangu juzi Baba halitamki, ananiita fundi tu.