Ndege Yuko Chumbani Kwako

Kidomo mwanangu,

Ukirudi kutoka shule usimtafute ndege wetu mpya sebuleni ukadhani ametoroka. Yuko chumbani kwako, juu ya kabati. Maji nimebadilisha, mtama upo. Nusu ya tundu nimeifunika shuka, usiifunue. Na mlango ufunge, yule paka wa jirani hana haya.

Sasa la asubuhi. Nilipomkuta ndege amejikunyata pembeni, chakula hajagusa, nilikurukia wewe. Nikasema ni mikono yako, humwachi mgeni apumue. Ukaapa hujamgusa, nikakuambia usinijibu. Ukaondoka bila kunywa chai.

Nikakaa nishone suruali za watu. Kukanyaga cherehani tu, ndege akaruka akajigonga kwenye waya. Nikaacha, akatulia. Nikakanyaga tena, yaleyale. Na nani aliyemning'iniza juu ya cherehani, eti apate mtu wa kupiga naye soga? Mimi. Wewe ulisema tangu jana kwamba pale pana kelele.

~~Jioni nitakuletea biskuti.~~ Hapana. Jioni nitakuomba radhi mbele ya mama yako, maana nilikugombeza mbele yake.

Nimebeba vitambaa, nashonea kwa fundi mwenzangu leo, hapa ndani pawe kimya. Chai yako iko kwenye chupa. Kaa karibu naye, uongee polepole, aizoee sauti yako.

Ulivyosimama mlangoni na mkoba wako, ulikuwa umejikunyata vilevile kama yeye. Nimeliona ulipokwisha kuondoka.

Baba yako, yule mwenye kelele